MÜLLER, JINA LA MSAGAJI: NAMNA KAZI INAVYOGEUKA JINA LA UKOO



Jina Müller si geni kwetu Kongo. Wale waliosikiliza radio mu mwaka wa 1974 wanalikumbuka vizuri. Mwaka ule Leopards wa Zaire walikwenda kucheza Kombe la Dunia mu Ujerumani ya Magharibi. Walipigwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil, wakarudi nyumbani. Kombe lilibaki kwa wenyeji, na goli la kumaliza finali ya tarehe 7 Julai, lile la 2-1 mbele ya Uholanzi, lilifungwa na Gerd Müller. Miaka kumi mbele ya pale, mu 1964, jina hilohilo lilikuwa limekwisha kupita mu inchi yetu kwa njia ingine, njia ya bunduki. Hiyo tutaizungumuza chini.

Müller maana yake ni msagaji, yaani mtu wa moulin. Ni jina la ukoo linalobebwa na watu wengi kuliko jina lingine lolote mu Ujerumani: karibu watu 700 000. Mu Uswisi vilevile ndilo la kwanza. Swali la makala hii ni moja: namna gani kazi moja ya kusaga unga iligeuka jina la watu wengi hivyo, wakati leo karibu hakuna hata mmoja wao anayesaga?

Pengine mtu ataniuliza: kitabu chetu kinahusu desturi zetu, juu ya nini kutupeleka mbali hivyo? Kwanza, si mbali sana. Mpaka 1916 ngambo ya ziwa Tanganyika na ya ziwa Kivu ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na neno « shule » ambalo tunaandika kila siku lilitoka kwao, ku neno lao Schule. Pili, mtu akiangalia namna jirani alivyojenga nyumba yake, anarudi kuangalia yake na macho mapya. Sisi pia tuko na majina yanayochunga historia, na wengi wetu tunayabeba bila kujua yanasema nini.

1. Zamani mtu alikuwa na jina moja tu

Mpaka karne ya 12, Wajerumani wengi walikuwa na jina moja: Heinrich, Konrad, Johannes, Gertrud. Hakukuwa jina la ukoo. Mu kijiji cha nyumba ishirini ilitosha. Kama mtu aliita « Konrad! », kila mmoja alijua ni nani anayeitwa.

Mambo yaligeuka wakati miji ilianza kukomaa, zaidi sana upande wa mto Rhein na wa kusini: Köln, Basel, Zürich. Mu muji mmoja Heinrich walikuwa makumi na makumi. Tena majina yaliyopendwa yalikuwa machache, kila familia ilirudia yaleyale. Sasa muandishi wa muji alipotaka kuandika nani amelipa kodi, nani amenunua nyumba, nani amerizi shamba, alijikuta na Heinrich kumi mu kitabu kimoja. Ilimuomba aongeze neno la kumtenga mmoja na wengine.

Neno hilo la kuongeza lilitoka mu njia tano. Njia ya kwanza ni jina la baba: Petersen ni mtoto wa Peter. Ya pili ni mahali mtu alipotoka: Nürnberger ni yule aliyetoka Nürnberg. Ya tatu ni mahali anapokaa: Bach ni mtu wa ku kijito, Berger ni mtu wa ku mlima. Ya ine ni namna mtu alivyo: Klein ni mdogo, Lang ni mrefu, Schwarz ni mweusi wa nywele ao wa sura. Ya tano ni kazi, na njia hii njo ilishinda zote. Tukiangalia majina kumi yanayobebwa zaidi mu Ujerumani, yaani Müller, Schmidt, Schneider, Fischer, Weber, Meyer, Wagner, Becker, Schulz na Hoffmann, yote kumi ni ya kazi ao ya madaraka: msagaji, mfua chuma, mshona nguo, mvuvi, mfuma nguo, msimamizi wa mashamba ya bwana, mtengeneza magari ya kukokotwa, mpika mikate, mkubwa wa kijiji, mtu wa shamba la bwana.

Tuelewe vizuri kitu kimoja. Mu mwanzo neno hilo halikurizishwa. Konrad aliitwa msagaji kwa sababu alisaga kweli. Mtoto wake Johannes kama alishona nguo, aliitwa Johannes mshona nguo. Mu karatasi za kilatini waliandika molendinarius ao molitor pembeni ya jina, kama vile leo tunaandika « profession » ku fomu ya commune. Ni polepole, kati ya karne ya 13 na ya 15, ndipo neno lile liliacha kufuata kazi ya mtu na kuanza kufuata damu ya baba. Siku mtoto wa msagaji aliposhona nguo na bado wakamuita Müller, siku ile jina la ukoo lilizaliwa.

Haikufanyika mahali pote wakati mmoja. Kusini na magharibi walitangulia, kaskazini walichelewa. Mu Friesland ya mashariki, karibu na bahari, watu waliendelea kuitwa kwa jina la baba mpaka amri ya Napoleon ya 1811 ilipowalazimisha kuchagua jina moja la kudumu. Wayahudi wengi nao walilazimishwa na serikali: mu Austria tangu 1787, mu Prusia mu 1812. Kwa hiyo jina la ukoo ambalo leo linaonekana kama kitu cha asili, mara nyingi ni kazi ya kalamu ya mtu wa serikali.

2. Kutoka jiwe la mkono mpaka jiwe la maji

Mababu wa Wajerumani walijua kusaga zamani sana, lakini walisaga na mkono, jiwe juu ya jiwe, kama bibi zetu walivyosaga mutama na ulezi mbele moulin haijafika. Jiwe lile waliliita quirn. Neno hilo limepotea mu luga ya kila siku. Limebaki mu majina ya mahali kama Quirnbach.

Mashini ya kusaga kwa nguvu ya maji waliipata kwa Waroma. Vitruvius, fundi wa Roma, aliandika namna inavyofanya kazi mu karne ya kwanza mbele ya Kristo. Karibu na 371, Ausonius, mshairi wa kilatini, alitaja magurudumu ya maji yanayozunguka ku mto Ruwer, karibu na muji wa Trier, mu Ujerumani ya leo. Kitu kilikuja na jina lake. Kilatini ya nyakati za mwisho ilisema molina kwa mashini na molinarius kwa mtu wake. Wajerumani walivuta neno lile mu kinywa chao: kwanza mulināri, kisha mülnære, kisha Müllner, na mwisho, sauti n ilipomezwa na l, Müller. Njo vile sisi tulipokea « meza » kutoka kwa Wareno: mtu akikuletea kitu ambacho hauna, mara nyingi unapokea na jina la kitu.

Neno lilipita pia ku majirani wote, na kila mmoja alifanya jina la ukoo kutoka mule. Waingereza wako na Miller na Milner, Wadenmark wako na Møller, Waholanzi Mulder na Molenaar, Wafaransa Meunier, Waitalia Molinari, Wahungaria Molnár. Hata mu Ubelgiji jina De Meulenaere ni msagaji yuleyule. Ndani ya Ujerumani penyewe, kaskazini wanasema Möller, Bavaria wengi wanasema Miller. Wakati wa karne ya 16, wasomi waliopenda kujionyesha waligeuza jina lao kwa kilatini, wakajiita Molitor. Na Wajerumani wengi waliohamia Marekani waliacha Müller wakaandika Miller, ili majirani wapya wasipate taabu ya kuwaita.

3. Wasagaji wachache, Müller wengi: juu ya nini?

Hapa kuko fumbo. Kijiji kilikuwa na moulin moja, pengine vijiji viwili ao vitatu viligawana moja. Walimaji walikuwa makumi, msagaji mmoja. Ingekuwa sawa kama jina la mlimaji, Bauer, ndilo lingekuwa la kwanza mu inchi nzima. Lakini sivyo. Bauer iko, tena ni jina la watu wengi, lakini haifikii Müller hata karibu.

Jibu liko mu kazi ya jina lenyewe. Jina la kuongeza linatumika kutenga. Mahali ambapo wote wanalima, kumuita mtu « mlimaji » hakusemi kitu. Lakini « Konrad wa moulin » ni mmoja tu, hakuna wa kumchanganya naye. Na kwa sababu karibu kila upande ulikuwa na moulin yake, karibu kila upande ulizaa Müller wake, peke yake, bila kuuliza upande mwingine. Njo maana Müller wa Berlin na Müller wa Bern si ndugu. Hawana babu mmoja. Walichorizi pamoja ni sauti ya jiwe tu.

Sisi tunafanya vile kila siku mu quartier. Mahali kuko ba Pierre watatu, mmoja atakuwa Pierre wa moulin, mwingine Pierre mwalimu, wa tatu Pierre mrefu. Hakuna anayemuita mtu « Pierre mwenye kula bukari », kwa sababu wote tunakula bukari.

Mfua chuma alikuwa vilevile mmoja mu kijiji, na Schmidt ni jina la pili. Tena, kama tukihesabu pamoja namna zote za kuliandika, Schmidt, Schmitt, Schmitz na Schmid, wafua chuma wanapita wasagaji. Müller anashinda kwa sehemu juu jina lake limeandikwa karibu namna moja mahali pote.

Na wakati ambapo Müller wenyewe walikuwa wengi kupita mpaka, jina lilishindwa kazi yake ya kutenga. Wakaanza kuongeza tena: Obermüller, msagaji wa moulin ya juu, Niedermüller, wa moulin ya chini, Windmüller, wa moulin ya upepo, Lohmüller, anayesaga maganda ya miti ya kulainisha ngozi, Segmüller, anayepasua mbao kwa nguvu ya maji.

4. Mtu wa lazima, mtu wa kushukiwa

Tusifikiri kwamba Müller lilikuwa siku zote jina la heshima. Msagaji alikuwa mtu wa pembeni kwa namna mbili. Kwanza, nyumba yake ilikuwa ku maji, inje ya kijiji. Moulin ilizunguka wakati maji yako, hata usiku. Mtu anayefanya kazi usiku peke yake, watu wanamtungia mambo.

Pili, moulin haikuwa yake. Maji yalikuwa ya bwana, na mara nyingi moulin ilikuwa ya bwana ao ya monasteri. Msagaji alikodisha na kulipa kodi. Ili kodi ile isikauke, bwana alitia sheria: watu wa mahali hapa wanasaga hapa tu, hata kama pale ngambo wanasaga vizuri zaidi. Kwa hiyo mlimaji alikuja na hasira tayari. Na malipo hayakuwa feza. Msagaji alichota sehemu yake ndani ya mufuko wa nafaka, mara nyingi kipimo kimoja ku kumi na sita. Nani alihakikisha kwamba kile kipimo hakikujazwa kupita mdomo? Nani alijua unga uliomwagika chini ya jiwe ni wa nani?

Msomaji wa Lubumbashi ao wa Kolwezi haitaji maelezo marefu hapa. Anajua mama anayesimama karibu ya mashini, macho hayatoki ku kilo zake. Mashaka ile ni ya zamani kuliko mashini ya mafuta.

Mashaka yale yaligeuka sheria ya watu. Mu sehemu nyingi za Ujerumani msagaji alihesabiwa kati ya watu wenye kazi isiyo na heshima, pamoja na mfuma kitani, mchungaji wa kondoo, mtoza ushuru, mpiga filimbi na mtu wa nyumba ya kuogea. Mtoto wake alikatazwa kuingia mu vyama vya mafundi vya muji. Sheria za ufalme za 1548 na 1577 ziliandika wazi kwamba watoto wa kazi hizo, na wa msagaji akiwa ndani, wasikataliwe. Lakini vyama havikusikia vizuri, kwa sababu mu 1731 ilikuwa lazima kurudilia amri ileile. Karne mbili za kurudilia amri moja zinaonyesha ugumu wa kuondoa doa likiisha kutiwa juu ya kazi ya mtu.

Hata hivyo sheria ilichunga moulin yenyewe kama kitu kitakatifu. Sachsenspiegel, kitabu cha sheria ambacho Eike von Repgow aliandika kati ya 1220 na 1235 hivi, kiliweka anayeiba mu moulin pamoja na anayeiba kanisani na anayeiba jembe la kukokotwa: azabu ilikuwa kuvunjwa mwili ku gurudumu. Kitabu hicho pia kiliweka kanuni kwamba anayefika wa kwanza ku moulin asage wa kwanza. Kanuni hiyo ilipita ku midomo ya watu ikawa mezali, na mpaka leo Mjerumani anaisema hata ku foleni ya banki, bila kufikiri tena juu ya unga.

Kwa hiyo jina Müller ndani yake kuna vitu viwili vilivyopigana: mahali ambapo watu wote walihitaji, na mtu ambaye wengi hawakumwamini. Chakula cha kijiji kizima kilipita mkononi mwake. Njo ile nguvu, na njo ile hofu.

5. Kazi inakwenda, jina linabaki

Mu 1779 kulitokea kesi iliyozungumuzwa mu Ulaya nzima. Msagaji mmoja wa Prusia alishindwa kulipa kodi ya moulin yake. Alisema bwana mwingine wa upande wa juu amechimba mabwawa ya samaki, na maji hayafiki tena vizuri. Mahakama zilimkatalia. Mfalme Friedrich wa pili alikasirika, akafikiri waamuzi wamemuonea mnyonge juu ya kupendeza wakubwa, akawafunga waamuzi wenyewe. Alipokwisha kufa mu 1786, waamuzi wale walirudishiwa haki yao. Lakini angalia jina la yule msagaji: aliitwa Christian Arnold. Msagaji wa kweli aliitwa Arnold, na wakati uleule maelfu ya watu walioitwa Müller walikuwa wakishona viatu, wakifundisha, wakiuza divai. Jina na kazi vilikuwa vimekwisha kuachana.

Kisha kazi yenyewe ilianza kurudi nyuma. Mu 1810 Prusia ilifuta lazima ya kusaga kwa bwana. Kila mtu akawa huru kupeleka nafaka anapotaka. Mu karne ya 19 mashini za moshi na magurudumu ya chuma yalifika, na viwanda vikubwa vilianza kumeza vidogo. Baada ya vita ya pili, moulin za Ujerumani ya Magharibi zilikuwa zingali maelfu, lakini zilikuwa nyingi kupita kazi iliyobaki. Sheria ya 1957 iliweka mpango wa kuwalipa wenye kufunga. Leo viwanda vya unga vimebaki mamia machache, vikisaga peke yao kile ambacho maelfu walisaga.

Tangu 1994, kila Jumatatu ya Pentekoste, moulin za zamani zinafunguliwa ili watu waje kuziangalia. Watoto wanaona jiwe linazunguka kama vile wanaona simba mu zoo. Na mu 2017 hata jina la kazi liligeuzwa: kijana anayejifunza kazi ile mu Ujerumani, diploma yake haisemi tena « Müller », inasema fundi wa teknolojia ya viwanda vya nafaka. Kwa hiyo tumefika hapa: wanaosaga hawaitwi tena wasagaji, na wanaoitwa wasagaji hawasagi. Ni jina la ukoo tu njo limebaki kuchunga kumbukumbu ya kazi.

6. Yule Müller wa 1964

Sasa turudi kwetu. Mu 1964, wakati wa vita ya Simba, serikali ya Tshombe iliita askari wa kukodiwa kutoka inchi za inje. Kati yao alikuwa Siegfried Müller, Mjerumani aliyezaliwa 1920, aliyepigana mu jeshi la Hitler na kuhamia Afrika ya Kusini mu 1962. Hapa Kongo aliongoza Kommando 52. Alivaa msalaba wa chuma wa vita ya Hitler juu ya nguo zake za kazi, na alikubali kupigwa picha. Mu 1966 watengeneza filamu wawili wa Ujerumani ya Mashariki, Heynowski na Scheumann, walitoa filamu ambamo anazungumuza mbele ya kamera, anacheka, anaeleza kazi yake mu Kongo. Alikufa Afrika ya Kusini mu 1983.

Wajerumani walimuitaje? Walimuita « Kongo-Müller ». Tuangalie vizuri neno hili. Jina Müller lilikuwa limejaa watu hata halikutosha tena kumtambulisha mmoja. Ikaomba kuongeza neno, kama vile mu karne ya 13. Na neno waliloongeza lilikuwa inchi yetu. Konrad alipewa jina la kitu alichowafanyia watu kila siku: kuwasagia unga. Siegfried alipewa jina la mahali alipokuja kumwaga damu. Mu masikio ya Wajerumani wengi wa wakati ule, « Kongo » lilikuwa neno la kumtenga askari wa kukodiwa na Müller wa mpira ao Müller wa duka. Sisi hatukuulizwa.

Kuko masomo mawili hapa. Ya kwanza: jina linaweza kubebesha inchi ao watu aibu isiyo yao. Ya pili inageuka upande mwingine: haifai kuwahukumu watu 700 000 kwa matendo ya mmoja. Gerd Müller wa 1974 hakuwa na deni lolote kwetu kwa ajili ya yule wa 1964.

Na jambo hili si muchezo. Wajerumani wenyewe walilijua kwa uchungu. Sheria ya tarehe 17 Agosti 1938 iliamuru kwamba Wayahudi ambao majina yao hayakuwa mu orodha ya serikali waongeze, tangu Januari 1939, Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake. Jina, ambalo mwanzoni lilitumika kumtenga Heinrich mmoja na mwingine ili kodi isichanganyike, liligeuka alama ya kumtafutia mtu. Sisi watu wa Katanga tusijifanye hatuelewi. Mu 1992 na 1993, wakati ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, kubeba jina la kule lilikuwa mzigo. Familia zilizokaa hapa tangu mababu zililala ku stasiyo za treni juu ya jina na asili yao.

7. Na majina yetu?

Sisi pia tuko na majina yaliyozaliwa na kazi. Kwa Wakongo wa magharibi, Ngangula ni mfua chuma, na ni jina la heshima kubwa, kwa sababu habari za kale zinaunganisha ufalme na kazi ya chuma. Bayeke wa Msiri walipata jina lao ku chama cha wawinda tembo: kazi ya watu wachache iligeuka jina la taifa zima. Njia ni ileile tuliyoiona ku Rhein: kile kinachomtenga mtu kinakuwa jina lake.

Lakini kuko tofauti moja kubwa. Kwa Wajerumani jina liligandishwa: mtoto anapokea la wazazi, apende asipende. Kwetu, mtoto anaweza kupewa jina la babu, la rafiki wa familia, la mapacha, la taabu iliyokuwa mu nyumba siku ile. Jina letu ni kama ukurasa wa historia ya nyumba. Mu 1972 siasa ya authenticité ilikataza majina ya kikristo na kutuomba turudie yale ya mababu. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mu 2016, inaomba vilevile kwamba majina yatoke mu urizi wa utamaduni wetu. Ni vizuri. Lakini sheria inachunga herufi tu, haiwezi kuchunga maana. Mwanafunzi anaweza kuandika jina lake bila kosa na asijue kama babu aliyemuachia alifua shaba, aliwinda, aliponya watu ao alipiga ngoma ya mfalme.

Mjerumani anayeitwa Müller, hata kama hajaona jiwe la kusagia mu maisha yake, akifungua kamusi atapata maana mu dakika moja, kwa sababu wenzake waliandika. Sisi kamusi yetu iko vichwani mwa wazee, na wazee wanakwenda. Walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini namna gani mtu ashike asili ambayo hakuna aliyemueleza?

Chama chetu kinaweza kuanza na kazi ndogo, isiyoomba feza mingi: daftari moja mu kila familia. Juu andika jina. Chini andika maana yake, luga yake, nani alilitoa kwa nani, na huyo wa kwanza alifanya kazi gani. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo ya Pasaka, waulize nyumbani na walete. Wale ambao majina yao yalitungwa na mabwana wa kazi ya zamani, ao yaliandikwa vibaya ku biro, waandike na hiyo pia, kwa sababu nayo ni historia. Daftari zikifika mia moja, tutakuwa na kitabu ambacho hakuna mtu mwingine atatuandikia.